Unataka kuwa haka? Anza na bendera, achana na akaunti za watu

WAPO washkaji mjini ambao wakisikia neno "haka", mawazo yao yanaruka moja kwa moja kwenye kufungua simu ya demu, kuingia akaunti ya Instagram ya mtu au kuchota salio la jirani. Ebwana ee, hiyo siyo fani! Hiyo ni tiketi ya Segerea.

Lakini mpenzi msomaji, upo udukuzi wa halali. Una viwanja vyake, una mashindano yake, na vingi ni vya bure. Kama unajiona una kichwa cha kompyuta ila hujui pa kuanzia, shuka nami taratibu.

BENDERA NI NINI?

Mwaka 1993 jamaa mmoja wa Marekani, Jeff Moss, aliitisha mkutano wa wadukuzi jijini Las Vegas, akauita DEF CON. Mwaka 1996 mkutano huo ukaingiza mchezo wa kukamata bendera. Usifikirie kitambaa na mlingoti. Bendera hapa ni mstari wa herufi na tarakimu uliofichwa ndani ya faili, picha au tovuti iliyotengenezwa makusudi ili ivunjwe. Ukiuona, unaunakili, unaubandika, unapata pointi. Mwenye mtambo amekuruhusu, hivyo hakuna anayeibiwa.

BANDIT, DARASA LA KWANZA

Mgeni wa mambo haya aanzie kwenye uwanja wa OverTheWire, mchezo uitwao Bandit. Huna laptopu? Usilie. Simu ya Android yenye programu ya bure ya Termux inatosha, na kwa kuwa kinachopita ni maandishi matupu, bando halikimbii kama ukiangalia video.

Unaingia kwenye seva yao kwa njia iitwayo SSH, poti 2220, jina bandit0, paswedi bandit0. Mbele yako ni skrini nyeusi tupu. Hakuna cha kubofya! Unaandika ls, inakuonyesha mafaili yaliyopo. Unaliona moja, readme. Unaandika cat readme, linafunguka, na ndani yake kuna paswedi ya ngazi inayofuata. Raha iliyoje!

Subiri sasa. Ngazi ya pili faili linaitwa kistari kimoja tu, -. Ukiandika cat - mashine inakaa kimya kama imenuna, kumbe inakusubiri wewe uiandikie, maana kwake kistari si jina la faili. Dawa yake ni cat ./- yaani "fungua faili lenye jina hilo lililopo hapa hapa". Kijana anaweza kuumia na kistari hicho jioni nzima. Lakini akikitegua, somo halimtoki tena kichwani.

Ngazi ni zaidi ya 30, na kila moja inakuachia kitu: kutafuta faili lililofichwa, kusoma maandishi yaliyofumbwa, kujua nani ana ruhusa gani ndani ya Linux. Jamaa wanaokwenda kutafuta majibu ya kunakili wanamaliza kwa siku moja na hawajui lolote. Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

Ukishazoea, viwanja vingine vipo. picoCTF ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, iliyoanza mwaka 2013, imelenga wanafunzi na ni bure. TryHackMe inakushika mkono hatua kwa hatua, ina sehemu ya bure na ya kulipia. Hack The Box, ya mwaka 2017, ni ya wagumu. Miaka yake ya mwanzo hata kujisajili ilibidi kwanza udukue ukurasa wao upate msimbo wa mwaliko!

SHERIA HAINA UTANI

Hapa sikiliza vizuri. Ujuzi ni ule ule, tofauti ni ruhusa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 iliweka adhabu kwa anayeingia mtambo wa mtu bila haki: faini isiyopungua shilingi milioni 3 au mara tatu ya faida aliyopata, kwa kutegemea ipi ni kubwa, au jela isiyopungua mwaka 1, au vyote. Kenya, sheria ya mwaka 2018 iliweka faini hadi shilingi milioni 5 za kwao, au jela hadi miaka 3, au vyote. Kusema "nilikuwa najaribu tu" hakukuvui pingu.

Muulize Marcus Hutchins wa Uingereza. Mei 2017, akiwa na miaka 22, alisimamisha kirusi cha WannaCry kilichokuwa kimezitia hospitali za kwao kiwewe. Dunia ikampigia makofi. Agosti mwaka huo huo akakamatwa Las Vegas kwa programu za kuibia benki alizoandika zamani akiwa kijana mdogo. Alikiri mwaka 2019, na jaji akamwachia bila kifungo zaidi. Alikuwa na bahati. Wewe usiitegemee.

Upande wa pili yupo Santiago Lopez wa Argentina, aliyejifunza mwenyewe mtandaoni. Mwaka 2019, akiwa na miaka 19, alitangazwa kuwa wa kwanza kufikisha dola milioni 1 kupitia HackerOne, ambako makampuni yanakaribisha watu watafute matundu kwenye mitambo yao na kuwalipa. Aligonga mlango, akafunguliwa.

Kwa hiyo mshikaji akikuomba umfungulie simu ya mpenzi wake, mwambie huna muda, upo kwenye kistari cha Bandit. Kazi kwako!