Jina Jipya, Mtu Yuleyule: Urejelezi na Kashfa katika Filamu za Wasifu

Makala haya yanafafanua suala linalojirudia katika mashauri kuhusu filamu zinazosimulia maisha ya watu halisi: je, kubadilisha jina la mhusika kunakata uhusiano wake na mtu anayerejelewa? Shauri la Youssoupoff dhidi ya Metro-Goldwyn-Mayer, lililoamuliwa Uingereza mwaka 1934, linatoa jibu.

Filamu ya *Rasputin and the Empress* (1932) ina mhusika Natasha, mwanamke wa ukoo wa kifalme anayevunjiwa heshima na Rasputin. Mchumba wake ndiye anayemuua Rasputin. Katika historia, mmoja wa waliomuua mwaka 1916 alikuwa Felix Youssoupoff, mume wa Irina. Irina alidai kwamba watazamaji wangemwona yeye ndani ya Natasha. Baraza la wazee wa mahakama lilimpa fidia ya pauni 25,000, na Mahakama ya Rufani ikaiafiki.

Kiisimu, uamuzi huo unaonesha kuwa jina ni njia mojawapo tu ya urejelezi. Mahusiano ya wahusika, tukio, mahali na wakati huweza kumtaja mtu bila kumwita. Aidha, filamu yenyewe ilifunguliwa kwa maandishi yaliyodai kuwa baadhi ya wahusika wake wangali hai. Kauli hiyo ilimwalika mtazamaji kumtafuta mtu halisi nyuma ya jina la kubuni.

Baada ya shauri hilo, ilienea desturi ya kutangaza kwamba wahusika wote ni wa kubuni. Hata hivyo, tangazo pekee halifuti utambuzi ambao filamu imeujenga kwa saa nzima.

Shauri la mwigizaji Olivia de Havilland linaonesha upande wa pili. Tamthilia ya televisheni ya *Feud* (2017) ilimtumia kwa jina lake halisi, angali hai, bila idhini yake. Mwaka 2018, Mahakama ya Rufani ya California ilitupilia mbali madai yake, ikishikilia kuwa msanii halazimiki kununua ruhusa ya kumsawiri mtu halisi.

Kwa hiyo, Irina alishinda ingawa hakutajwa. De Havilland alishindwa ingawa alitajwa. Japo sheria za nchi hizo mbili zinatofautiana, mashauri yote mawili yanathibitisha kwamba swali la "ni nani?" ni hatua ya kwanza tu. Lenye uzito zaidi ni "amesemwa nini?"