Je, Wajua? Nyangumi wana mpiga mbiu wao
Mwaka 1992 mji wa Hermanus, Afrika Kusini, uliajiri mtu wa kutangaza nyangumi. Baragumu lake ni mwani mkavu. Likilia, wageni hukimbilia majabalini. Nyangumi hao huingia ghubani kuzaa, wengi kati ya Juni na Novemba, tena karibu na nchi kavu kiasi kwamba boti ni anasa tu. Nchini humo humo, huko Simon's Town, karibu na Cape Town, kuna pengwini wanaolia kama punda. Walianza na jozi mbili miaka ya 1980. Leo aina yao imo hatarini kabisa kutoweka. Hupenda vivuli vya magari, basi chungulia chini kabla ya kuwasha injini.