Ng'ombe Akifa Baada ya Sindano, Utapeleka Wapi Malalamiko?

Bwana mkulima, fikiri jambo hili. Asubuhi umemkuta ng'ombe wako wa gredi amesimama peke yake, masikio yameinama, hataki nyasi, na maziwa yamepungua nusu. Umemwita mtu wa dawa kutoka sokoni. Amekuja kwa pikipiki, akamtazama ng'ombe kidogo tu, akasema, "Hii ni ndigana," akapiga sindano ya dawa ya manjano, akapokea pesa zake akaenda. Siku ya tano ng'ombe anahema kwa shida na povu linamtoka puani. Siku ya saba ni mzoga. Naye ndiye aliyekuwa akilipa karo ya watoto.

Wakulima wengi hulia, huzika, kisha hunyamaza. Wengine humtafuta yule mtu kwa rungu. Njia hizi mbili hazifai. Iko Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, na kazi yake moja ni kusikiliza malalamiko kama haya.

Sheria ya kwanza ya madaktari wa mifugo katika nchi yetu iliwekwa mwaka 1953. Wakati mashamba makubwa yalipoanza kugawanywa kwa walowezi wapya, mwaka 1962, mkulima alimjua Bwana Mifugo wa Serikali, na aliyekuja na sindano alikuwa huyo. Lakini mwaka 1988 Serikali iliacha kuwaajiri moja kwa moja madaktari wote wa mifugo waliomaliza masomo, na watu wanaofanya kazi kwa fedha zao wenyewe wakawa wengi. Baadhi yao ni wataalamu hodari. Wengine wana mkoba tu. Kwa hiyo sheria mpya ilipitishwa mwaka 2011, nayo inawahusu madaktari pamoja na wasaidizi wao wenye diploma na vyeti. Kila mmoja ni lazima aandikwe katika daftari la Bodi na awe na leseni ya mwaka ule. Unayo haki ya kumwomba akuonyeshe leseni kabla hajafungua mkoba. Usione haya. Mwenye leseni hakasiriki.

Sasa turudi kwa ng'ombe wetu, maana hapa ndipo wengi hupotea. Neno "ndigana" lina magonjwa mawili. Ndigana kali huletwa na kupe wa kahawia wa masikioni. Homa hupanda kupita digrii 40, tezi zilizo chini ya sikio na mbele ya bega huvimba, na mwisho mapafu hujaa maji. Ndigana baridi ni ugonjwa mwingine: ufizi huwa mweupe, na mavi huwa makavu na magumu. Dawa ya manjano, yaani tetrasaiklini, hutibu ndigana baridi. Ndigana kali ikishashika mwili, dawa hiyo peke yake haiponyi. Inatakiwa buparvakwoni, na itolewe mapema. Basi mtu asiyegusa tezi wala kupima joto, akapiga sindano ya manjano kwa kukisia, huenda amekupotezea siku zile ambazo ng'ombe angeweza kupona.

Lakini Bodi haiwezi kumhukumu mtu kwa uchungu wako. Inataka ushahidi, na ushahidi mkubwa ni mzoga wenyewe. Kabla ya kuzika, mwite daktari mwingine aliyeandikwa aupasue na kuchukua vipimo. Vipimo huweza kupelekwa maabara ya Serikali ya Kabete, au zile za Nakuru, Karatina, Eldoret, Kericho na Mariakani. Angalia jambo moja: kama ng'ombe amekufa ghafla na damu nyeusi isiyoganda inamtoka puani au nyuma, usimpasue na usimruhusu mtu yeyote amle. Huenda ni kimeta, nacho huua watu. Piga simu kwa ofisi ya mifugo ya kaunti mara moja.

Weka pia chupa ya dawa kama imeachwa, risiti, na ujumbe wa pesa ulizotuma kwa simu. Andika tarehe na saa ulipomwita, alipofika, na maneno aliyosema. Jirani aliyeshika kamba wakati wa sindano ni shahidi.

Bodi inaweza kufanya nini? Inaweza kumwita mtaalamu ajibu, kumpa onyo, kumsimamisha kazi, au kulifuta jina lake katika daftari. Kama hakuandikwa kabisa, hilo ni kosa la jinai, na polisi wanahusika. Lakini usitazamie Bodi ikulipe ng'ombe. Ukitaka fidia, uende mahakamani. Tangu mwaka 2021 ziko mahakama za madai madogo, nazo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja.

Usidhani kwamba kila kifo ni kosa la daktari. Tunawajua wakulima wanaokaa siku tano wakimnywesha ng'ombe majani ya porini, kisha humwita daktari wakati povu limekwisha kutoka. Tunawajua pia wanaosema, "Piga ile ya bei rahisi." Mtaalamu aliyepima, akaeleza hatari na kuandika alichofanya, hana kosa hata kama mnyama amekufa. Bodi itakuuliza maswali haya, nawe ujiulize kwanza.

Sheria haiwahusu ng'ombe peke yao. Mbwa anayelinda boma, paka, punda wa mkokoteni, kuku, wote ni wanyama mbele ya Bodi. Mwenye mbwa aliyekufa baada ya kupasuliwa vibaya ana haki ileile ya kulalamika, ingawa majirani watamcheka.

Barua haihitaji Kizungu kigumu wala wakili. Andika jina lako na mahali unapokaa, jina la aliyetibu na namba yake ya leseni kama unaijua, kisha mambo yote kwa kufuata siku, na mwisho ushahidi ulio nao. Ofisi ya Bodi iko Kabete, Nairobi. Tuma nakala za karatasi, siyo karatasi zenyewe. Na kama yule mtu wa sokoni akirudi jioni kwa upole akiomba chupa yake, usimpe.