Haichaji, Haichajiwi, Haichajiki: Istilahi za Umeme wa Pikipiki

Katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, pikipiki imekuwa chombo cha lazima. Ndiyo ipelekayo mahindi na vitunguu saumu mnadani, na aghalabu ndiyo impelekayo mgonjwa hospitali ya Haydom usiku. Taa yake inapofifia njiani, hasara si ya dereva peke yake.

Katika karakana za Dongobesh, Haydom na Katesh, Mwiraqw, Mdatooga na Mnyaturu huweza kukutana mbele ya mashine moja. Lugha za mama zao ni za jamii tatu mbalimbali, na lugha yao ya kuelewana ni Kiswahili. Kwa hiyo maelezo ya mwenye pikipiki kwa fundi ndiyo hatua ya kwanza ya uchunguzi. Neno likiwa na utata, fundi huanza kutafuta pasipostahili.

Kauli isikikayo zaidi ni hii: "Betri haichaji." Neno chaji limekwisha kuwa la Kiswahili, nasi hatuoni sababu ya kulifukuza. Kasoro ni kwamba kauli hiyo yaweza kuwa na maana mbili: ama betri haipelekewi umeme, ama yapelekewa lakini haiupokei. Maana ya kwanza hailaumu betri hata kidogo. Ya pili yailaumu yenyewe. Dereva asiyetenganisha maana hizo hununua betri mpya, nayo hufa baada ya siku chache kama ile ya kwanza.

Dawa ya utata huu imo katika sarufi yetu. Tukisema "mlango haufungwi", twamaanisha kuwa hakuna aufungaye. Tukisema "mlango haufungiki", ubovu umo mlangoni. Vivyo hivyo, betri isiyopelekewa umeme haichajiwi, na betri isiyoweza kuupokea au kuutunza haichajiki. Kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka zatenganisha hitilafu mbili ambazo mafundi huzitenganisha kwa mita.

Tueleze sasa vipimo vyenyewe, kwa pikipiki yenye betri ya volti 12.

Kwanza, injini ikiwa imezimwa na betri imepumzika kwa saa kadhaa, vichwa vya betri visafishwe, kisha mita iwekwe juu yake. Betri iliyojaa huonyesha volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikionyesha 12 au pungufu, ina njaa, lakini sababu ya njaa hiyo bado haijajulikana.

Pili, injini iwashwe na kuongezwa moto kiasi. Mita ikipanda hadi kati ya volti 13.5 na 14.8, betri inachajiwa. Ikiwa hata hivyo betri hushuka tena usiku, hali nyaya zake zimefunguliwa, basi haichajiki, na ni haki kuibadilisha. Mita isipopanda, betri haichajiwi. Kununua nyingine ni kutupa fedha. Mita ikipita volti 15, betri inachajiwa mno: maji yake hukauka na balbu huungua moja baada ya nyingine.

Tatu, ikiwa betri haichajiwi, soketi inayotoka kwenye koili itenganishwe, na umeme upimwe hapo kwa upande wa mkondo geu, injini ikiwaka. Volti zikipanda kadiri moto unavyoongezwa, koili ni nzima. Kasoro imo kwenye rektifaya au katika nyaya zake. Zisipopatikana, koili imeungua au waya wake umekatika.

Yafaa dereva ajue pia kwamba katika pikipiki nyingi ndogo taa kubwa hupata umeme moja kwa moja kutoka kwenye koili. Taa hiyo ikiwaka si ushahidi kwamba betri inachajiwa. Tena, injini isiendeshwe bila betri kwa ajili ya majaribio, kwani volti zaweza kupanda na kuunguza balbu.

Limebaki neno rektifaya. Kifaa hicho hufanya kazi mbili: hugeuza mkondo geu kuwa mkondo mnyoofu, na huzuia volti zisipite kiasi. Jina la sasa lataja kazi ya kwanza tu, ndiyo maana wengi hawakihisi kifaa hicho pale balbu zinapoungua. Twapendekeza kazi ya kwanza iitwe kunyoosha mkondo, ya pili kudhibiti volti, na kifaa kiitwe kinyooshi-kidhibiti, huku rektifaya likiendelea kutumika karakanani.

Kwa muhtasari, twapendekeza maana zifuatazo:

Kuchajiwa: kupelekewa umeme kutoka kwenye koili kupitia kinyooshi-kidhibiti.

Kuchajika: kuweza kupokea umeme na kuutunza.

Kuchajiwa mno: kupelekewa umeme wa volti zilizozidi kiasi.

Mkondo geu: umeme ubadilishao mwelekeo mara kwa mara, kama utokao kwenye koili.

Mkondo mnyoofu: umeme uendao upande mmoja tu, kama uingiao na kutoka katika betri kwa zamu yake.

Walimu wa vyuo vya ufundi na mafundi wa karakana ndio watakaoyatumia maneno haya, hivyo tungependa wayajaribu kazini kabla hayajasanifiwa.