Pampu ya Ngama Katika Pikipiki ya Majini

Mabaharia wa mwambao wa Afrika Mashariki huita ngama ile sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, mahali yanapokusanyika maji yaliyopenya kati ya mbao na yale yaliyorushwa na mawimbi. Katika jahazi hakosekani mtu wa kuyakumba maji hayo kwa upo au kwa kopo, na nahodha mwangalifu halali kabla ya kujua ni nani aliye zamu. Lakini kiko chombo cha siku hizi ambacho ngama yake haizidi sana beseni la kufulia nguo. Ngama hiyo imefichwa chini ya kifuniko, na mwenye kukiendesha amesimama wima nyuma yake, mikono yote miwili imeshika usukani. Hana upo, hana msaidizi, wala hawezi kuona kilichomo ndani. Chombo hicho ni pikipiki ya majini ya kusimama.

Asili yake ni Marekani. Katika miaka ya 1960 mwendesha pikipiki za mashindano, Clayton Jacobson, alipata fikira ya chombo kidogo kitakachosukumwa na mkondo wa maji badala ya rafadha iliyo nje. Mwaka 1973 kampuni ya Kawasaki ilianza kuuza chombo cha namna hiyo, cha kusimama, kwa jina la Jet Ski. Jina hilo ni alama ya biashara ya Kawasaki hata leo, ijapokuwa watu hulitumia kwa vyombo vyote vinavyofanana. Yamaha nayo ilitoa SuperJet yake mwaka 1990. Baadaye vyombo vya kukalia ndivyo vilivyoshika soko, kwa sababu ni vyepesi kujifunza. Cha kusimama kimebaki kwa wapenda mchezo, hasa wale wanaokipeleka katika mawimbi yanayovunjika ufuoni. Huko mpandaji huanguka mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu, na kila aangukapo chombo hulala ubavu au hupinduka.

Je, maji huingia kwa njia gani? Kwanza ni kifuniko, ambacho utepe wake wa mpira ukichakaa au ukiingia mchanga haukazi tena. Pili ni matundu ya hewa, kwani injini haiwezi kuwaka bila ya hewa, na panapopita hewa, maji nayo hupata njia chombo kikilala ubavu. Tatu ni mahali shafti inapotoka ndani kwenda nyuma, penye sili na beringi. La nne husahauliwa na wengi, nalo ni mipira inayoleta maji ya kupoza injini. Maji hayo husukumwa na mkondo uleule unaoendesha chombo. Mpira mmoja ukichomoka, chombo hujijaza chenyewe, na kadiri mpandaji anavyoongeza mwendo ili awahi ufuoni, ndivyo kinavyojaa upesi.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. SuperJet iliyokuwa ikiuzwa hadi mwaka 2020 ilikuwa na uzito wa kilo 139 ikiwa kavu. Ndoo mbili za lita 20 zikiingia ndani yake, uzito huzidi kwa zaidi ya robo, tena si uzito uliotulia, maana maji hukimbilia nyuma pua ya chombo inapoinuka, na hukimbilia mbele inapoinama. Hata hivyo uzito siyo hatari ya kwanza. Kabla chombo hakijawa kizito, maji hukifikia kiungo cha shafti kilicho nyuma ya injini. Kiungo hicho huzunguka maelfu ya mara kwa dakika. Kikigusa maji huyarusha juu kama mvua, yakaingia katika njia ya hewa na kulowesha nyaya za moto. Injini hukohoa, kisha huzimika, na mpandaji hubaki ameshikilia chombo kisichokwenda, mawimbi yakizidi kuingia.

Waundaji hawakulisahau jambo hili. Vyombo vingi vya kusimama hutoka kiwandani na kimpira chembamba kinachotoka ngamani hadi kwenye mdomo wa mkondo ulio nyuma. Maji ya mkondo yanapopita kwa kasi huvuta yale ya ngama, bila ya umeme na bila ya swichi. Ni ubunifu mzuri na haufai kung'olewa. Lakini una upungufu mmoja mkubwa: hufanya kazi wakati injini inapovuma tu. Injini ikizimika kwa wingi wa maji, mkondo husimama, na kile kilichokuwa kikiyatoa maji hayo husimama pamoja nao. Msaada huondoka saa ileile unapohitajiwa. Kwa ajili hiyo wapandaji wa mawimbini hutia pampu ya pili, ya umeme wa volti 12.

Pampu hizo huuzwa kwa kipimo cha galani za Kimarekani kwa saa. Ya galani 500 husemwa kutoa lita 1,890 hivi kwa saa, yaani kama lita 31 kwa dakika. Mnunuzi asilichukue neno hilo bila ya kulipima. Hesabu hiyo hufanywa pampu ikiwa haipandishi maji popote. Ikiwekwa chini na maji yakapaa juu kwa mpira wenye makunyanzi, kiasi hupungua sana. Ndiyo maana mpira ulio laini ndani hufaa kuliko ule wa mikunjo-mikunjo unaouzwa kwa bei ndogo. Ipo pia pampu ya galani 1,100, nayo hutumia mpira mnene wa milimita 28 hivi badala ya 19, na hula umeme zaidi. Kwa chombo kidogo ile ya kwanza yatosha watu wengi.

Kabla ya kugusa waya wowote, kifuniko hufunguliwa na chombo huachwa kipigwe na upepo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi ukaenda zake, bali hushuka ngamani na kulala huko, palepale inapokusudiwa kuwekwa mashine ya umeme. Cheche moja yatosha. Kwa hiyo pampu na swichi zote ziwe za namna iliyoundwa kwa vyombo vya petroli, zisizoweza kuwasha mvuke, na swichi ya taa ya nyumbani isikaribishwe kabisa. Betri hufunguliwa kwa kuanza na waya wa hasi, na siku ya kufunga, hasi huwa ya mwisho.

Mahali pa pampu ni pale maji yanapobaki mwisho, na aghalabu ni nyuma ya injini, chini au kando ya kile kiungo cha shafti. Asiye na hakika humimina kopo la maji akatazama yanakimbilia wapi. Hapa mafundi wengi wa nyumbani hukosea mara mbili. Kosa la kwanza ni kupigilia kitako cha pampu kwa skrubu katika sakafu ya chombo. Mtu ametaka kuondoa maji, naye anatoboa matundu manne ya kuyakaribisha! Kitako hugandishwa kwa gundi ya epoksi au gundi ya kuzibia ya vyombo vya baharini, baada ya mahali hapo kufutwa mafuta na kusuguliwa kwa msasa. Kosa la pili ni kuacha mpira na nyaya zikining'inia. Kiungo cha shafti kikiukamata waya huuvuta na kuukata kabla mpandaji hajajua kuna nini, na kwa hiyo kila kitu hufungwa ukutani kwa vifungo imara.

Mpira wa kutolea maji hupanda moja kwa moja hadi tundu lililo juu, mbali na usawa wa maji. Usipande ukashuka kisha ukapanda tena, kwa kuwa pampu hizi haziwezi kuvuta hewa. Mahali pa bonde hushika maji, hewa hukwama nyuma yake, na pampu huzunguka bure huku ikilia kana kwamba inafanya kazi. Wengine hutia vali ya kuzuia maji yasirudi, wakidhani wamejilinda. Katika pampu ndogo vali hiyo hupunguza nguvu ya maji, na chembe moja ya mchanga hutosha kuikwamisha. Ni afadhali tundu liwe juu na mpira upinde kidogo juu zaidi kabla ya kulifikia. Tundu lenyewe hutobolewa mara moja tu, kwa hiyo hupimwa mara nyingi, na likikatwa kingo zake huzibwa kwa gundi ya baharini, siyo ile ya kuzibia mabafu. Fundi mwenye busara huliweka ubavuni mahali ambapo mpandaji aliyesimama ataona maji yakiruka, maana hana njia nyingine ya kujua hali ya ngama.

Umeme wa pampu hutoka betri moja kwa moja, si katika nyaya zinazokufa pamoja na injini; vinginevyo kazi yote imekuwa bure. Katika pampu nyingi za Kimarekani waya wa kahawia ni chanya na mweusi ni hasi. Kwenye waya wa chanya, karibu na betri kadiri iwezekanavyo, si zaidi ya sentimita 18, huwekwa fyuzi ya kipimo alichoandika mtengenezaji. Fyuzi hailindi pampu peke yake. Waya usio na fyuzi ukisuguka hadi shaba ikagusana na chuma huwa mwekundu kwa moto, nao umelala juu ya tangi la petroli. Waya uwe wa shaba iliyopakwa bati ili chumvi isiule, na kila kiungo kifunikwe kwa mpira wenye gundi unaojibana kwa joto.

Iko swichi ya kielea, inayojiwasha maji yanapopanda, na katika mashua iliyofungwa gatini ni msaidizi mwema. Katika chombo kinachorukaruka na kupinduka huwaka na kuzimika ovyo, na huweza kumaliza betri mwenye chombo akiwa amelala. Betri ya SuperJet ni ya ampea-saa 19 hivi. Pampu ndogo inayokula ampea 2 ingeweza kwa hesabu kuiendesha saa 9, lakini muda mrefu kabla ya hapo betri haitakuwa na nguvu za kuamsha injini. Kwa sababu hiyo wengi huchagua swichi ya mkono isiyoingiza maji, iliyo karibu na usukani.

Kabla ya kwenda majini, chombo huwekwa juu ya vigogo na ndoo moja ya lita 10 humiminwa ndani. Swichi hubonyezwa, saa hutazamwa. Ikichukua nusu dakika, kazi ni njema. Ikichukua dakika mbili, kuna bonde katika mpira, au chujio limeziba, au waya ni mwembamba mno. Mafuta yaliyodondoka ngamani hufutwa kwa kitambaa kwanza, kwani pampu haichagui, na sheria ya Marekani imekataza kumwaga mafuta yanayoacha utando wa rangi juu ya maji. Ikiwa chombo kimekauka ndani na bado ni kizito kuliko zamani, pampu haina lawama. Povu lililojazwa ndani ya kiwiliwili limenyonya maji, na hiyo ni kazi nyingine ya siku kadhaa.

Safari ya kwanza hufanywa karibu na ufuo, jaketi la kuokolea likiwa mwilini na kamba ya kuzimia injini mkononi. Baada ya kuanguka mara mbili tatu mpandaji hubonyeza swichi akautazama ubavu. Maji hutoka kwa nguvu, hupungua, kisha tundu hupiga hewa, naye huzima pampu na kuendelea. Yakizidi kutoka bila ya kupungua hurudi ufukoni mara moja, akiwa bado na betri, afungue kifuniko na kutafuta mpira uliochomoka.