Mstari Mmoja Hautoshi: Kwa Nini Tunasoma Neno Kila Siku

Masomo: 1 Samweli 3:1-10; 2 Wafalme 20:1-7; Yakobo 5:13-16



Tunawasalimia ninyi mnaotusikiliza asubuhi kwenye redio, na ninyi mnaopokea karatasi hii mlangoni mwa kanisa, hapa Yanonge na katika vijiji vya kando ya mto. Juma hili tunataka kujibu ulizo moja ambalo wengi wanatuletea. Wanasema: "Papa Pasta, ni lazima kusoma Biblia kila siku? Mistari tunayoishika kichwani haitoshi?"

Jibu letu ni kwamba haitoshi. Hatukulijua jibu hilo tangu mwanzo. Tulilijua kwa maumivu, na leo tutawaeleza namna gani. Lakini tuanze na kitu ambacho wazee wetu walikijua kuliko sisi: lokole.

Namna lokole inavyosema

Kabla ya simu na kabla ya redio, habari katika mto wetu zilipita kwa lokole. Ni gogo lililochongwa ndani, lenye mdomo mrefu na kingo mbili. Ukingo mmoja unatoa sauti ya juu, mwingine unatoa sauti ya chini. Ni sauti mbili tu. Lakini kwa sauti hizo mbili Walokele walitangaza kifo, ndoa, wageni na kazi ya kijiji, kutoka ukingo mmoja wa mto hadi mwingine, hasa usiku na alfajiri wakati maji yametulia.

Iliwezekanaje? Kilokele ni lugha ambayo sauti inapanda na kushuka katika kila neno. Lokole haitamki herufi. Inapiga kule kupanda na kushuka peke yake. Na hapo kuna shida, kwa sababu maneno mengi yanapanda na kushuka kwa namna moja. John Carrington, mmisionari wa Kibaptisti aliyefanya kazi Yakusu, alitoa mwaka 1949 kitabu juu ya lokole kinachoitwa Talking Drums of Africa. Alionyesha kwamba "songe", yaani mwezi, na "koko", yaani kuku, ni maneno mawili mbalimbali mdomoni, lakini kwenye lokole yanalia sawasawa kabisa.

Basi mpigaji alifanya nini? Hakupiga neno moja akanyamaza. Alipiga fungu zima. Kwa mwezi alisema ule unaotazama chini duniani. Kwa kuku alisema yule mdogo anayelia kiokio. Msikilizaji alijua kwamba ni lazima angoje mpaka mwisho wa fungu. Mtu ambaye angeondoka mbio baada ya milio miwili ya kwanza angeweza kutafuta kuku wakati watu wanazungumza juu ya mwezi.

Tunaweza kucheka. Lakini sisi wahubiri tumefanya hivyo na Neno la Mungu mara nyingi, na kuna siku ambayo hakuna aliyecheka.

Nusu ya ujumbe

Miaka kadhaa imepita. Mama mmoja wa kanisa letu alikuja usiku akimbeba mtoto wake wa kiume wa miaka minne. Mwili ulikuwa moto, shingo imekauka kama mti. Akatuuliza: "Papa Pasta, tumpeleke kituo cha afya sasa, ao tuombe kwanza?"

Tulimfungulia Yakobo 5. Tulimsomea kwamba wazee waitwe, wamwombee mgonjwa na kumpaka mafuta, na kwamba maombi ya imani yatamwokoa. Tuliishia hapo. Halafu tuliongeza neno ambalo Yakobo hakuliandika: tulisema kwamba kukimbilia sindano ni kuonyesha mashaka. Mama alikaa. Tuliomba usiku ule, na mchana wake, na usiku wa pili. Tunaandika "sisi", lakini hatutaki kujificha nyuma ya neno hilo: mdomo uliosema ni wa mchungaji huyu anayewaandikia karatasi hii.

Siku ya tatu baba wa mtoto alirudi kutoka uvuvini. Hakutuuliza kitu. Alimlaza mtoto katika mtumbwi, akapiga kasia mpaka kwa muuguzi. Ilikuwa menenjiti. Mtoto aliishi, na tunamshukuru Mungu kila siku kwa uhai wake. Lakini hasikii tena. Sasa amekuwa kijana mdogo, anakaa benchi la mbele. Wenzake wakisimama, anasimama. Wakipiga makofi, anawaangalia mikono, naye anapiga.

Tulikwenda nyumbani kwao pamoja na wazee wa kanisa kuomba msamaha. Mama alilia. Baba alinyamaza muda mrefu, halafu akasema: "Ninyi ndio mnasoma. Mimi nilifikiri mmesoma yote."

Neno hilo halijatuacha mpaka leo.

Tini za Hezekia

Ukweli ni kwamba tulikuwa tunasoma, lakini tulisoma kama mtu anayekwenda soko na kitu kimoja kichwani: anakitafuta, anakipata, anarudi, na hajaona mengine. Siku ya tano tulitafuta neno la kuhubiri siku ya Bwana. Tukilipata, tulifunga Kitabu. Baada ya maneno ya yule baba, tuliamua kuanza tena kutoka Mwanzo na kwenda kwa mpango, sura baada ya sura, bila kuchagua inayotupendeza.

Miezi ikapita, tukafika 2 Wafalme 20. Sura hiyo tuliijua tangu Shule ya Biblia; tuliisoma kwa ajili ya mtihani, na tumeihubiri. Mfalme Hezekia anaugua karibu na kufa, anageukia ukuta, analia, na Mungu anamwongezea miaka 15. Mahubiri yetu yaliishia kila mara kwenye ile miaka 15. Lakini asubuhi ile tulisoma mstari wa saba kana kwamba umeandikwa usiku uliopita. Isaya, nabii yuleyule aliyeleta ahadi ya kupona, anaagiza waletewe andazi la tini, wanaliweka juu ya jipu, na mfalme anapona.

Ahadi na dawa zilitoka katika kinywa kimoja, siku moja. Isaya hakuona kwamba tini ni dharau kwa ahadi. Tangu hapo tulianza kuona mengine tuliyokuwa tunayaruka: Paulo anamshauri Timoteo juu ya ugonjwa wake wa tumbo (1 Timoteo 5:23), na Luka, mwenzake wa safari, anaitwa tabibu mpendwa (Wakolosai 4:14). Hata hapa kwetu ushuhuda ulikuwako. Wamisionari walioleta Injili Yakusu walijenga pia hospitali. Daktari Clement Chesterman, aliyefika mwaka 1920, alipigana na ugonjwa wa usingizi katika vijiji vya mto huu, na waliofundishwa kazi ya uuguzi walikuwa wana wa nchi hii. Babu zetu waliona Biblia na sindano katika nyumba moja, nasi wajukuu tulizitenganisha.

Msitusikie vibaya. Tunaamini uponyaji wa Mungu, na tutaendelea kupaka mafuta na kuomba. Tumeona watu wakiinuka. Tunachosema ni kwamba Yakobo 5 ni Neno la kweli, nasi tuliligeuza kuwa la uongo kwa kulitenga na ndugu zake.

Namba za mistari

Inafaa mjue jambo moja. Mitume hawakuandika namba za mistari. Namba tulizo nazo leo katika Agano Jipya zilitiwa na mchapishaji Mfaransa, Robert Estienne, mwaka 1551, ili iwe rahisi kupata mahali. Kazi yake ni nzuri, inatusaidia. Lakini Paulo alipowaandikia Wathesalonike, aliagiza barua isomwe kwa ndugu wote (1 Wathesalonike 5:27). Alituma barua, hakutuma vipande. Ukipokea barua kutoka kwa mtoto wako aliye Kisangani, utasoma mstari wa nne peke yake na kuiweka mfukoni?

Mungu anaita kwa jina

Sasa tunafika kwenye moyo wa jambo. Mtu anaweza kusoma Biblia yote na kubaki mgeni kwa Mungu. Kwa hiyo turudi tena kwenye lokole.

Wazee wanajua kwamba mtu alikuwa na jina lake la lokole. Lilikuwa refu: ndani yake kulikuwa jina lake, jina la baba yake, na kijiji cha mama yake. Ujumbe ulipoanza, jina hilo lilipigwa, tena na tena. Watu wengi walisikia, lakini mmoja alisimama, kwa sababu alijua: hii ni yangu. Na ilipaswa ajibu.

Ndivyo Bwana alivyomwita Samweli usiku, kwa jina lake. Kijana alisikia sauti mara tatu akafikiri ni mzee Eli. Sikio lilikuwa zima, lakini hakuwa amezoea sauti. Eli ndiye aliyemfundisha kurudi, kulala, na kujibu kwamba mtumishi anasikiliza. Angalieni: Mungu hakuchoka. Aliita mara ya nne.

Basi kusoma kila siku ni kuzoea sauti. Si malipo tunayomlipa Mungu ili atupende. Alitupenda tungali mbali. Yeye hahesabu sura zetu kama mtoza ushuru wa soko. Mtoto anayejua sauti ya baba yake haambiwi uongo kirahisi. Mtu akija na kusema "Baba yako ameagiza hivi", mtoto anajibu: "Baba yangu hasemi namna hiyo." Kama mama yule angezoeshwa kusoma yote mwenyewe, angeweza kutujibu hivyo usiku ule. Na kama sisi tungezoea, hatungesema.

Ndiyo maana tunawaomba: msituachie sisi wachungaji kazi ya kusoma peke yetu. Waberoya walichunguza Maandiko kila siku kuona kama maneno ya Paulo ni kweli (Matendo 17:11), na Luka anawasifu kwa hilo. Sisi si wakubwa kuliko Paulo. Mkiona tumepiga milio miwili tukanyamaza, tuulizeni fungu linaendeleaje.

Namna ya kuanza

1. Anza kidogo. Agano Jipya lina sura 260. Ukisoma sura moja kila siku, siku tano kwa juma, utalimaliza kwa majuma 52, yaani mwaka mmoja, na siku mbili za juma zinabaki za kurudia. Biblia nzima ina sura 1189. Sura tatu ao nne kila siku zinatosha kwa mwaka.

2. Fuata mpango. Anza kitabu, kimalize. Usifungue popote na kuweka kidole. Sura usiyoipenda inaweza kuwa ndiyo yenye tini zako.

3. Soma kwa sauti. Katika nyumba nyingi Biblia ni moja, na bibi hajui kusoma. Mtoto anayekwenda shule asome, wote wasikie, kwa Kiswahili ao kwa Lingala, kabla ya kwenda shamba ao mtoni. Anayesikiliza amesoma.

4. Uliza maulizo matatu: Nani anasema hapa, na kwa nani? Kabla yake na baada yake kuna nini? Bwana ananiambia nini leo?

5. Jibu. Lokole isiyojibiwa ni huzuni. Omba juu ya kile ulichosoma, hata kwa maneno machache.

6. Ukikosa siku, rudi. Homa inakuja, safari ya balenieri inachelewa, msiba unaingia nyumbani. Usiogope kufungua tena. Mwenye kuita angali anaita.

Tuombe

Bwana, utusamehe sisi watumishi wako kwa maneno tuliyoyakata katikati na kuwapa watu wako. Uwaponye wale tuliowaumiza kwa jina lako. Utupe masikio ya Samweli na uvumilivu wa kusikia mpaka mwisho. Umkumbuke kijana wetu wa benchi la mbele, umwonyeshe kwamba unajua jina lake, na utufundishe sisi namna ya kumwambia habari zako kwa mikono yetu. Katika jina la Yesu, Amina.

Kuanzia juma lijalo tutasoma Injili ya Marko kwenye redio, sura moja kila asubuhi, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kuruka. Mwenye Biblia afungue pamoja nasi; asiye nayo aketi karibu na mwenye redio. Neema ya Bwana iwe pamoja nanyi.