Umiliki na Lugha katika Uandaaji wa Kazi Asilia za Utiririshaji: Mfano wa Netflix

Mtafiti wa Kiswahili anayeteua tamthilia ya kampuni ya utiririshaji kuwa data yake hukabiliwa mapema na swali gumu: maneno yanayosemwa na mhusika ni uteuzi wa nani? Swali hili haliwezi kujibiwa kwa kuitazama kazi peke yake, hata ikitazamwa mara kumi. Linahitaji ufahamu wa njia iliyopitiwa na kazi hiyo tangu ilipokuwa wazo hadi ilipofika kwenye skrini. Makala haya yanafafanua njia hiyo kwa kuitumia kampuni ya Netflix kama mfano, kwa kuwa ndiyo ambayo mwenendo wake umewekwa wazi zaidi katika kumbukumbu za umma.

Jambo la kwanza kufafanuliwa ni neno lenyewe "asilia". Katika biashara hii neno hilo ni nembo inayobandikwa na msambazaji, wala halithibitishi kuwa kampuni ndiyo iliyobuni au hata kumiliki kazi inayohusika. Tamthilia ya Lilyhammer, iliyooneshwa na Netflix mwaka 2012 kwa nembo hiyo, ilikuwa pia kazi ya shirika la utangazaji la Norwei, NRK. House of Cards ya mwaka 2013 ilimilikiwa na kampuni ya utayarishaji ya Media Rights Capital. Netflix ilinunua haki ya kuionesha. Baadaye mtindo ulibadilika, na kampuni ikaanza kuagiza na kumiliki kazi nyingi yenyewe. Kwa hiyo nembo moja inafunika mikataba ya aina tofauti kabisa: kazi iliyoagizwa, kazi iliyotengenezwa kwa ubia, na kazi iliyokwisha kukamilika kisha ikanunuliwa.

House of Cards inastahili kutazamwa kwa kina kidogo. Katika desturi ya televisheni ya Marekani, kituo hugharamia kwanza kipindi kimoja cha majaribio, ndipo kiamue kuagiza msimu mzima au kuachana na wazo. Mwaka 2011 Netflix iliiruka hatua hiyo na kuagiza misimu miwili, yaani vipindi 26, kwa mkupuo. Maelezo ya kampuni yalikuwa kwamba takwimu za utazamaji zilionesha wateja wengi waliipenda tamthilia ya awali ya Uingereza, pamoja na kazi za mwongozaji David Fincher na mwigizaji Kevin Spacey. Kutokana na maelezo hayo imezuka dhana kwamba kompyuta ndiyo huamua hadithi. Dhana hiyo imetiwa chumvi. Takwimu zilikadiria ukubwa wa hadhira na hivyo kiasi cha fedha kinachoweza kuhatarishwa. Mswada uliandikwa na waandishi.

Hatua za kawaida si ngeni kwa anayeifahamu tasnia ya filamu. Mbunifu huwasilisha andiko la wazo kwa msimamizi wa maudhui, kampuni hulipia uandishi wa miswada, maoni hutolewa na miswada hurekebishwa, kisha hutolewa idhini ya kutengeneza. Idhini nayo haina uhakika wa kudumu. Queen Sono ya Afrika Kusini, tamthilia ya kwanza ya Kiafrika iliyoagizwa na Netflix, ilitoka Februari 2020, ikaahidiwa msimu wa pili, na kabla ya mwaka kwisha ahadi hiyo ikafutwa.

Penye uzito mkubwa zaidi ni malipo. Katika mikataba mingi ya kuagiza, kampuni hulipa gharama za utengenezaji pamoja na nyongeza fulani, nayo huchukua haki za dunia nzima. Mbunifu hupata uhakika wa fedha mapema lakini hupoteza sehemu ya mapato yajayo. Hwang Dong-hyuk wa Korea Kusini aliliandika wazo la Squid Game kati ya mwaka 2008 na 2009, likakataliwa kwa miaka mingi, hatimaye likakubaliwa na Netflix na kuoneshwa mwaka 2021. Nyaraka za ndani zilizoripotiwa na Bloomberg mwaka huo zilionesha gharama ya dola milioni 21.4 na thamani iliyokadiriwa kuwa dola milioni 891. Suala la malipo yanayofuata utazamaji lilikuwa miongoni mwa madai ya mgomo wa waandishi wa Marekani wa mwaka 2023, uliodumu siku 148.

Kwa upande wa Afrika Mashariki, Country Queen ya Kenya ilitangazwa Julai 2022 kuwa mfululizo asilia wa kwanza wa Netflix kutoka nchi hiyo. Hata hivyo, iliandaliwa na kampuni ya Kenya, Good Karma Fine Films, kwa ushirikiano na Deutsche Welle Akademie ya Ujerumani. Wahusika wake huchanganya Kiswahili, Kiingereza, Sheng na lugha za jamii. Mtafiti wa isimujamii anayehusisha uchanganyaji huo na sera ya lugha ya Netflix atakuwa ameukabidhi uamuzi kwa asiyeufanya.

Hali ni tofauti katika mradi wa Netflix na UNESCO wa ngano za Kiafrika, ulioanza kwa shindano mwaka 2021 na kuzaa filamu fupi sita Machi 2023. Kila mshindi alipewa dola 25,000, na bajeti ya dola 75,000 ikapitia kampuni ya utayarishaji ya nchini mwake. Miongoni mwao walikuwamo Walt Mzengi Corey wa Tanzania, kwa filamu ya Katope inayohusu mtoto aliyefinyangwa kwa udongo, na Voline Ogutu wa Kenya, aliyeirejea ngano ya zimwi. Hapa kampuni iliamua umbo na urefu, lakini ngano ililetwa na msanii.

Lipo pia suala la manukuu, ambalo lina athari ya moja kwa moja kwa data. Mwongozo wa Netflix huruhusu mistari isiyozidi miwili, yenye herufi 42 kila mmoja kwa lugha za hati ya Kirumi. Neno moja la Kiswahili kama "hawakumwambia" hubeba sentensi nzima, na mfasiri wa Kiingereza hulitandaza kwa maneno kadhaa, kisha hulazimika kupunguza penginepo. Utani na methali ndivyo huathirika kwanza. Anayekusanya data kutoka kwenye manukuu anakusanya kazi ya mfasiri, si ya mwandishi wa mswada. Data ya mazungumzo sharti inukuliwe kutoka kwenye sauti.

Kuhusu umiliki, pa kuanzia ni orodha ya majina mwishoni mwa kipindi, ambayo watazamaji wengi huiruka. Humo hutajwa kampuni za utayarishaji, wafadhili na, katika mstari wa mwisho, mwenye hakimiliki. Mstari huo unastahili kunukuliwa katika sura ya mbinu za utafiti, sambamba na mwaka wa kazi na lugha zake.